Kufutwa kwa Kushindwa katika Bonde la Kettle

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Februari, kushindwa kulifutwa rasmi katika Chuo cha Jamii cha Bonde la Kettle, jimbo la Nebraska, na katika kaunti zote nne zinazohudumiwa na chuo hicho. Tangazo lilisomwa na Mkuu wa Chuo mwenyewe, Daktari Thurman Oakes, kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, na wasaidizi wake sita wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Utekelezaji alikabidhiwa Loretta Hruska, karani wa usajili, mwanamke aliyekaa nyuma ya dirisha la usajili miaka thelathini na moja bila kupoteza faili hata moja.

"Ni rahisi, Loretta," Daktari alimweleza. "Mwanafunzi akionyesha dalili za kushindwa, anaacha kuwa mwanafunzi. Anakuwa Mgeni wa Muda Mrefu Mwenye Nia ya Kujifunza. Mgeni hashindwi. Umewahi kuona mgeni ameshindwa?"

"Sijawahi, Daktari."

"Basi!"

Loretta akaanza kazi. Aliyepata alama mbovu, mgeni. Aliyechelewa kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa, mgeni. Darasa zima la uchomeleaji vyuma likawa la wageni baada ya mwalimu wao kukiri kwamba kuchomelea ni kazi ngumu. Kufikia Machi chuo kilikuwa na wageni elfu moja na mia moja, na wanafunzi wanne. Wote wanne walikuwa wakifaulu vizuri sana. Daktari akaagiza keki.

Siku ya keki alifika dirishani Marlys Tjaden, mama wa watoto watatu, mfua mashuka katika nyumba ya wazee, aliyekuwa akisomea uuguzi.

"Dada Loretta, nimekataliwa mtihani wa jimbo. Wanasema mimi si mwanafunzi. Mimi ni nani, kwani?"

"Mgeni. Ulipata arobaini kwenye aljebra."

"Arobaini! Si nilianza na kumi na mbili? Napanda, dada! Mtu anapanda ngazi, nyinyi mnamwondolea ngazi?"

Swali hilo lilimkera Loretta, kwa maana kazi yake ilikuwa kuwa na majibu. Akamkatia Marlys kipande cha keki. Marlys akakitazama, akakiacha, akaenda kazini.

Mchana ule Loretta alifungua kabati la chuma na kutoa kanuni za mwaka 1926, za enzi chuo kilipokuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Akazisoma mara mbili. Kisha akajaza fomu ya Bodi ya Wilaya inayosimamia chuo, mstari wa kwanza: idadi ya wanafunzi. Akampelekea Mkuu wa Chuo aisaini.

"Wanne, Daktari. Una hakika?"

"Andika kwa wino mzito."

Bodi ilikutana Aprili, mbele ya watu. Mwenyekiti, Verlin Buss, mkulima wa mahindi asiyependa maneno mengi, alivaa miwani.

"Asilimia mia wamefaulu. Hongera. Ila kanuni ya tisa inasema wanafunzi wakiwa chini ya thelathini, chuo hakina Mkuu wala wasaidizi. Kinaongozwa na karani wa usajili."

"Mwenyekiti, hao wengine wapo!" Daktari akaruka. "Wamejaa madarasani!"

"Hao ni wageni. Saini ni yako?"

Saini ilikuwa yake. Kwa wino mzito.

Loretta, kiongozi mpya, alihitaji dakika arobaini kuwarudisha wageni wote kuwa wanafunzi, wenye alama mbovu wakiwa wa kwanza, na Marlys kabla ya wote. Daktari akamfuata akihema.

"Sasa wamepita thelathini! Nirudishe!"

"Nafasi itatangazwa, Daktari. Nayo inataka mtu aliyefundisha hapa angalau muhula mmoja. Wewe umefundisha nini?"

Daktari Oakes alikiri kwamba hajawahi kufundisha chochote.

Akapewa aljebra ya jioni, aifundishe muhula mmoja. Wiki ya kwanza aliwaeleza wanafunzi maono yake. Wiki ya pili wakamwomba afanye hesabu. Alisimama ubaoni, akaandika, akafuta, akaandika tena, jasho likimtoka kana kwamba anapakia magunia.

"Kumi na tisa," alitangaza hatimaye.

Marlys, akiwa bado na sare ya kufulia, akainua mkono.

"Kumi na saba, Daktari. Umesahau kutoa mbili."

Daktari akatazama ubao. Akatazama mlango. Kisha, kwa sauti ambayo hakuna kamati iliyowahi kuisikia, akauliza:

"Nimekosea wapi hasa?"

"Sogea kidogo," Marlys alisema, akichukua chaki. "Usiogope. Hata mimi ilinichukua muda."

Naye akasogea.