Kichuguu Changu cha Elfu Moja na Themanini

Jumatatu, 2 Machi 1964. Padova.
Nimekiona! Kichuguu, katikati ya grafu, kwenye uzito wa elfu moja na themanini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona kitu. Chembe mpya! Itaitwa Ermete, kama mimi mgunduzi wake.

Chembe yenyewe haionekani. Inazaliwa ndani ya tangi la mapovu, ambamo kila chembe ipitayo huacha mstari wa mapovu, na kufa papo hapo, kabla haijachora hata mstari. Kwenye picha tunaona watoto wake tu wakitimua mbio. Tunajumlisha nguvu zao, tunapata uzito wa mzazi, tunaongeza alama kwenye grafu. Alama zikirundikana pamoja, mzazi alikuwepo. Zikitawanyika, ni watoto wa watu mbalimbali waliokutana njiani.

Tullio Bassanese, ambaye meza yake imeegemea yangu na jicho lake limeegemea nafasi yangu, amesema hicho si kichuguu, ni karatasi imejikunja. Wivu tu!

Profesa Zorzi alinyoosha kidole juu ya kabati, kwenye chupa ya grapa, pombe kali ya zabibu. Hufunguliwa kichuguu kikiokoka vipimo vya pili. Tangu nije hapa haijafunguliwa. Ina vumbi la kupanda mboga. Vipimo vya pili vinatoka kwa wenzetu wa Bologna Alhamisi. Kikiokoka, nitakwenda kukisoma mkutanoni Trieste, na mkataba wangu unaokwisha Juni utaongezwa. Kisipookoka? Profesa alivua miwani, akaifuta.

Jumanne, 3 Machi.
Kazi ya akili leo. Nguzo za grafu, zile ninamorundika alama, nikizifanya nyembamba, kichuguu kinavunjika. Nikizipanua, kinanenepa. Nikizisogeza kushoto kidogo, mama yangu! Mlima! Huu si udanganyifu. Nguzo lazima zianzie mahali fulani. Kwa nini zisianzie panaponipendeza?

Nimeondoa pia picha zenye ukungu. Ajabu, picha mbovu zote zilikuwa pembeni mwa kichuguu. Za katikati nazo zina ukungu, ila ukungu wa heshima.

Jioni nilikula kwa Shangazi Nives. Akaniuliza kama hiyo chembe nimeiona kwa macho yangu. Hapana. Nani kaiona, basi? Hakuna, Shangazi, inakufa mapema mno. "Na wanakulipa kwa hilo?"

Kisha akakoroga polenta, ugali wetu wa mahindi, muda mrefu. Akasema na yeye alikuwa na wa namna hiyo, wa kwanza, kabla hawajazaliwa binamu zangu. Hakufika hata ubatizo. Hakuna aliyemwona zaidi ya mkunga, lakini uzito wake anao mikononi mpaka leo.

Nikamwahidi chembe itaitwa Nives. Ermete atasubiri.

Alhamisi, 5 Machi.
Sanduku la kadi za vipimo kutoka Bologna limefika. Nikajitolea kulishughulikia peke yangu, kwa moyo safi. Tullio, nyoka yule, akadai mipaka ya nguzo iandikwe kwanza ubaoni kwa chaki, kabla sanduku halijafunguliwa, na asiiguse mtu. Profesa akanipa chaki. Nikaandika ile mipaka yangu mizuri.

Ijumaa, 6 Machi.
Tambarare. Alama zimeanguka kila mahali isipokuwa pangu. Palipokuwa na mlima pana shimo!

Tullio hakucheka. Aliniletea kahawa, na hilo ndilo lililoniuma.

Profesa akasema niende Trieste hivyo hivyo, nikaseme hakuna. Kusema hakuna, baada ya kutafuta vizuri, ni kazi ya mtu mzima, na kwa kazi hiyo ataniombea mkataba. Sharti moja: picha zote zirudi, na nguzo zikae zilipo ubaoni. Nilikubali. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nimejifunza! Sitasogeza nguzo tena maishani.

Shangazi alikuwa ameshawasha mshumaa kanisani kwa Mtakatifu Antonio. Akauliza kama imekufa. Nikamwambia haikuwahi kuwepo, tulihesabu vibaya. Akafunga kitambaa chake kichwani taratibu. Akasema na yeye waliwahi kumwambia asimhesabu yule wa kwanza. Nilitembea hadi nyumbani bila kofia. Nimeisahau kwake.

Jumapili, 8 Machi. Ndani ya treni.
Tullio amekuja kunisindikiza, yaani kunilinda. Amelala, mdomo wazi. Grafu iko mapajani mwangu, picha zote zimo, nguzo zimekaa zilipo. Tambarare na safi. Moyo umetulia. Kumbe ukweli unapumzisha hivi!

Baada ya Monfalcone bahari ilijitokeza, mwanga ukaangukia karatasi kwa ubavu. Kwenye elfu moja na mia mbili na kumi kuna nguzo mbili zimesimama kidogo. Kidogo tu. Lakini zingesogezwa kulia, upana wa kucha...

Nimechomoa penseli mfukoni mwa Tullio. Hakuamka.

Tukifika nitatafuta simu nimpigie Shangazi. Mshumaa asiuzime.