Cheti cha Sifuri kwa Mia

Dokta Karatasi hakuwa daktari hata kidogo, ila karatasi alikuwa nazo: aliishi kwa kuuza vyeti vya kughushi. Siku moja alikaa kwenye foleni ya kliniki, bintiye wa miaka mitatu amempakata, kwa amri ya mama mkwe: "Mtoto anakula udongo, mkwe, na midomo imempauka. Mpeleke akapimwe damu."

Ukutani palibandikwa jedwali la watoto wadogo wenye upungufu wa damu, nchi baada ya nchi. Kuna nchi zilizokuwa na watoto watano kwa mia, nyingine zaidi ya sitini. Mtu wa kawaida angesoma akahuzunika. Dokta Karatasi alisoma akasisimka, maana hakuna nchi hata moja iliyoandikiwa sifuri! Akaondoka kabla ya zamu yao. Nyumbani alisema mtoto kapimwa, yuko salama salmini.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa mwenye chekechea moja, bwana aliyepaka geti rangi mpya kila muhula na kuwapikia watoto uji mwepesi kama maji ya kunawa.

"Mheshimiwa, nchi tajiri zina watoto watano kwa mia wenye upungufu wa damu. Wewe ukiwa na sifuri, umezipiga bao zote."

"Nitajuaje kama nina sifuri?"

"Nitakuandikia."

"Bila kuwapima?"

"Tukiwapima, sifuri yenyewe tutaipata wapi?"

Mwenye shule alitafakari kwa kina, kama nusu dakika hivi. Walikubaliana malipo yawe nafasi ya bure kwa binti wa Dokta. Cheti kikatundikwa getini na mihuri mitatu, wa katikati ukiwa wa duka la viatu. Wazazi wakakisoma, wakavimba vichwa.

Baada ya wiki tatu, mama mkwe alikwenda kumchukua mjukuu wake shuleni, akamkuta anatafuna chaki. Walipotoka getini alikikagua kile cheti, muhuri kwa muhuri. Jioni hiyo mtoto alikaa chini katikati ya njia. "Baba, nibebe. Nimechoka." Hakuwa ametembea hata hatua ishirini. Dokta Karatasi aliogopa kwelikweli. Alimpenda mtoto yule kuliko uongo wake wote.

"Kesho sista wa kliniki anapima watoto shuleni, na dawa za kuongeza damu anazo," mama mkwe akasema. "Nitatangulia na mtoto. Wewe utatukuta."

Asubuhi alilikuta geti limefungwa. Wazazi wamejaa nje, muuguzi na boksi lake la dawa mkononi, na mwenye shule anagonga cheti kwa kidole. "Soma mwenyewe, sista. Sifuri! Ukimpima hata mmoja unanichafulia jina."

"Haya," muuguzi akasema. "Naenda shule nyingine. Tutaonana mwakani."

"Sista, ngoja!" Dokta Karatasi akapenya katikati ya watu. "Binti yangu yumo humo!"

"Si ana cheti?"

"Cheti ni cha uongo!"

"Nani kasema?"

Aliwatazama wazazi. "Mimi niliyekiandika! Sikumpima mtoto hata mmoja, na huo muhuri wa katikati ni wa duka la viatu!"

Kelele zilizofuata hazisimuliki. Mwenye shule alipoona akina mama wanavua viatu, alifungua geti mwenyewe, akasema daima amekuwa mtu wa kujali afya.

Dokta alimtafuta mwanawe darasa kwa darasa, akamkosa. Alimkuta nje, ndani ya gari la kliniki, kwenye mapaja ya bibi yake, kidole kina pamba na mdomoni kijiko cha dawa.

"Nilimpitisha kliniki alfajiri, akapimwa," mama mkwe akasema. "Damu ni ndogo, ila dawa kashaanza. Atapona."

"Sasa mbona sista alitaka kuondoka?"

"Aondoke aende wapi na dawa za watoto arobaini? Tulikuwa tunatafuta mtu wa kutufungulia geti tu, mkwe wangu."

Kufikia mchana watoto wote walikuwa wamepimwa na kulia. Muuguzi alikigeuza cheti, akaandika nyuma: wenye upungufu wa damu, kumi na saba kati ya arobaini. Kisha akampa Dokta Karatasi nyundo.

"Pigilia vizuri," mama mkwe akamwambia. "Maisha yako yote, hii ndiyo karatasi yako ya kwanza yenye ukweli."