Kilo Tatu ya Bure

Jumatatu, 4 Mei 2026

Leo nimepewa cheo. Mi! Cirimwami! Mutu wa kukaa chini na balansi mbele ya farmasi ya mutaa ya Bwiza, kupima kilo franka mia mbili. Shule nilifika mwaka ya ine tu. Na leo niko Responsabule wa Kilo. Mungu, asante.

Ilienda hivi. Maman Spéciose, mwenye kuuza vitenge, alipanda kwa balansi. Nikatoa kitambaa kwa kioo: 97. Akapiga mikono. "Yoo! Kumbe naishi vizuri!" Kumbe ni 94. Chini ya balansi kuko kagurudumu kadogo. Mwaka jana nilikazungusha kilo tatu mbele, juu watu walikuwa wanashuka na huzuni. Hapa Bwiza ukiambia mutu amekonda, anakuuliza nani alikuambia ako mugonjwa. Ukimwambia amenenepa, anacheka, kesho anarudi na bibi yake. Mi si mwizi, ni zawadi naongeza. Kioo nafunika mpaka mutu apande, juu balansi bila mutu inasema tatu.

Maman Spéciose njo prezida wa Konsei ya Mukoa ya Kusaidia Wachezaji wa Olempiki. Wachezaji walikuwa ine. Mumoja aliolewa Kigoma, mumoja alivunja muguu, mumoja analinda mulango ya bar. Amebaki Orlane, wa judo, mwenye kucheza chini ya kilo 52. Jumamosi ya wiki ijayo wanachagua timu ya taifa, na Ijumaa, siku moja kabla, wanapima kilo. Akipita hata kidogo anarudi nyumbani, na Olempiki ataiona kwa televizyo. Konsei haina balansi. Mi niko nayo. Mushahara hakuna, lakini kila memba anapata treningi: suruali na koti, bluu, jina ya Konsei mugongoni.

Nilitaka kumwambia habari ya kagurudumu. Haya ikanishika. Nikainamisha kichwa tu. Akaona nimekubali.

Treningi ya bluu!

Jumanne, 5 Mei

Reinio ya kwanza, mukutano wa wote, nyuma ya duka ya vitenge. Mze Yahaya, fundi wa magari, njo koch. Anafundisha judo ndani ya garaje yake, juu ya matela, godoro za zamani. Faruk njo sekretere. Ako na treningi tayari, anaivaa hata na hii joto. Aliniuliza mbele ya wote hii balansi niliokota jalala gani. Wakacheka. Na mi nikacheka, kwa adabu.

Pesa hakuna. Kimono ya Orlane imepasuka bega. Kuko kulipa ili waandike jina yake, kuko bus, kuko fasi ya kulala. Faruk alisoma barua kumi na mbili zenye aliandikia wakubwa. Jibu ni moja: mukubwa anauliza kama Konsei inaweza kumusaidia yeye.

Niko na wazo. Kusema mbele ya watu siwezi. Nikaandika kwa karatasi, nikapatia Faruk apitishe kwa prezida: "Kila tajiri atoe franka mia tano kwa kila kilo ya mwili yake. Apimwe mbele ya watu, kilo isomwe kwa mikro." Faruk akasoma. Akakunja karatasi, akaweka mufukoni. Akasimama: "Niko na wazo."

Walimupigia mikono mpaka wateja wakaingia kuuliza nani anaoa.

Nilikasirika saa nzima. Kisha nikashukuru. Bila Faruk ile wazo ingebaki kwa karatasi.

Alhamisi, 7 Mei

Orlane amepanda. Miaka 20, anauza chai bandarini, fasi baba yake anabeba mifuko. Nikatoa kitambaa: 54 na nusu. Mze Yahaya akakaa chini juu ya pneu ya gari. "Wallahi, huyu mutoto amenimaliza."

Mi najua ni 51 na nusu. Kinywa yangu ikafunguka. Kisha nikafikiri. Nikisema, Jumapili, siku ya kupima matajiri, kila mumoja anapoteza kilo tatu. Maman Spéciose anarudi 94. Treningi inapotea. Kinywa ikafunga.

Amri ya koch: chakula ya jioni basi. Asubui kukimbia mpaka Kibenga, kule kwa ziwa, na kurudi, pulovere mbili na koti ya mvua juu. Orlane alichukua ile koti. Aliniangalia tu, muda mrefu. Ako na macho ya kupima.

Mupango: kesho nazungusha kagurudumu nyuma kwa Orlane, Jumapili narudisha mbele kwa matajiri. Rahisi!

Ijumaa, 8 Mei

Haikuwa rahisi. Faruk anasema balansi sasa ni mali ya Konsei, inalala kwake. Asubui alikuja ameikumbatia kama mutoto wa kubatizwa. Niliinama pale karibu, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Akaniuliza tangu lini kandambili iko na kamba.

Orlane: 54 na nusu tena. Na alikimbia mpaka Kibenga! Koch akamukataza hata maharage.

Mupango ya pili. Kama siwezi kumurudishia kilo, namurudishia chakula. Nilimungojea kwa kona ya garaje na mukeke, samaki ya ziwa ya kuchoma, na avoka mbili ndani ya gazeti. Nilinyoosha mukono tu. Akaniuliza: "We njo unanipima, na we njo unanilisha?" Nikasema ndiyo. Akacheka. Akakula yote, akalamba vidole. Akasema urakoze, asante ya Kirundi.

Asante kwa mukeke. Asante kwa ile mama mwenye kuichoma, aliniongezea pilipili.

Jumapili, 10 Mei

Siku kubwa! Maturubai, viti, mikro, sawa na harusi. Balansi yangu katikati, juu ya tapi nyekundu, zulia ya wageni. Sijawahi kuiona nzuri hivi.

Hamissi, tajiri wa muchele, alipanda wa kwanza. 126! Vigelegele. Akashuka kama bwana harusi. Akapanda Djibril, transitere mwenye kutoa mizigo ya watu bandarini: 128! Hamissi akasema turudie, aliacha kitu kwa gari. Akarudi anatembea polepole. Watu wakamuchokoza: "Toa jiwe, Hadji! Jiwe haiendi Olempiki!" Balansi: 131. Ndani ya kanzu kulikuwa kufuli tatu za depo na rungu ya zamu wake, mulinzi wa usiku, mi niliona. Djibril akaomba Fanta sita. Akakunywa zote amesimama juu ya balansi, watu wanahesabu na sauti. 130. Akaomba bugali. Maman Spéciose akawakatia hapo, akawapa wote wawili cheo: memba wa heshima.

Faruk aliacha mikro, na yeye akapanda. 58. Hakuna mutu alipiga kelele. Asante Mungu.

Pesa imetosha! Kimono, bus, jina, kulala, na nyingine ikabaki. Maman Spéciose alilia kwa kitambaa ya kichwa. Orlane alishika mikono ya kila mutu, mumoja mumoja, hata yangu. Alisema hakujua Bwiza inamupenda hivi. Na mi nikalia kidogo, nyuma ya turubai. Watu makumi ine, kila mumoja kilo tatu. Kagurudumu kadogo hivi!

Jioni nikamupelekea Orlane ndagala, ndizi na maandazi sita.

Jumanne, 12 Mei

Hasara. Ile pesa ilibaki, Faruk amenunua nayo balansi mupya. Ya betri, inaandika namba nyekundu. Maman Spéciose akapanda: 94. Akashuka, akakaza kitenge. Hamissi: 123. Djibril: 125. Orlane: 52.

Mze Yahaya akaruka. "Alhamdulillah! Mutoto ako sawa!" Akamupandisha kwa yangu: 55.

Balansi mbili, mutoto mumoja. Djibril akasema yeye hawezi kuibiwa kilo tatu na kitu ya betri. Faruk akasema ya betri imetoka Dubai. Hamissi akasema na yeye anatoa vitu Dubai, anajua vile vinadanganya. Walipigizana kelele mpaka Maman Spéciose akagonga meza na meta ya kitenge: tupige kura.

Kura! Balansi gani inasema kweli!

Ya betri: Mze Yahaya na Faruk. Ya zamani: Hamissi, Djibril, Maman Spéciose. Kisha wote wakaniangalia mi, fundi wa kilo. Mukono yangu ikapanda yenyewe. Ine kwa mbili. Faruk akairudisha dukani, alitembea kama mutu anaenda kuzika.

Nilifurahi dakika tano. Kisha nikamuona Orlane amesimama kwa ukuta. Kwa kura ya Konsei, ako na 55. Mze Yahaya akamwambia na sauti ya chini: mpaka Ijumaa, mutoto wangu, maji tu.

Maji tu! Atapigana na nguvu gani? Nimemupelekea mukeke mbili. Na avoka tatu. Na bugali.

Alhamisi, 14 Mei, Asensio

Kanisani, kwa sikukuu ya Bwana kupaa, niliomba Mungu aseme kwa fasi yangu. Hakusema. Basi nikaenda bandarini mi mwenyewe.

Orlane alinipatia chai. Nikaishika mpaka ikapoa. Kisha nikasema yote bila kupumua: kagurudumu, kilo tatu, treningi, kura. Yeye anaosha vikombe tu. Akasema anajua tangu siku ya kwanza. Akanionyesha nyuma yake: balansi kubwa ya mifuko. Kila asubui anapanda pale, kati ya saruji na chumvi. "Ile haipigiwi kura," akasema.

Nikamuuliza juu ya nini alinyamaza. Akasema: juu ya pesa ya Jumapili. Alikuwa anahesabu kilo ya matajiri, hakutaka hata moja irudi. Na juu ya mukeke. Kibenga alifika kweli, lakini pale alikuwa anaweka miguu ndani ya ziwa, anapumzika, anarudi pole pole.

Nikacheka. Nikamwambia Mungu ni mukubwa.

Hakucheka. Akasema: "Shida sasa ni we, Cirimwami." Akapanda kwa ile kubwa, akaniita niangalie mwenyewe. 53. Kilo moja zaidi, na hii si ya kagurudumu. Ni mukeke yangu, avoka yangu, bugali yangu. Na kesho saa kumi wanapima!

Tumekimbia. Sisi wawili, mpaka Kibenga, bila kuweka miguu ndani ya maji. Yeye na pulovere mbili na koti ya mvua, mi na kandambili. Nilianguka mara tatu. Mara ya tatu alirudi, akanisimamisha na mukono moja kama mufuko. Sijawahi kubebwa na mutu wa Olempiki. Nashukuru.

Ijumaa, 15 Mei

Alfajiri tulikimbia tena. Leo hajakula, hajakunywa hata mate. Midomo imekauka, kichwa inamuzunguka, na njo mi nilimufanyia hivi. Saa kumi akaingia kwa chumba ya kupima. Konsei yote nje. Mi nilishika dirisha mpaka vidole vikauma.

Mama wa kupima akasoma: 51 na grama mia tisa.

Kelele! Kwa hesabu ya Konsei, Orlane ametoa kilo tatu kwa siku tatu. Mze Yahaya akanibusu kwa paji ya uso. Maman Spéciose akasema bila ile balansi kali ya Cirimwami, mutoto angepita kilo. Djibril akasema balansi ya pale nayo anaiona nyepesi, lakini leo anasamehe. Orlane aliniangalia juu ya vichwa yao, na yale macho. Angeweza kunimaliza na neno moja. Akaomba maji tu.

Urakoze, Orlane.

Jumamosi, 16 Mei

Amepigana mara tatu. Ya kwanza, sekunde makumi mbili. Ya pili, ndefu. Ya tatu, na dada wa Gitega mwenye mikono kama kamba ya meli. Orlane alianguka, pointi ndogo. Mze Yahaya alifunga macho, akaniambia nimuelezee. Nilimufinya mukono tu. Mwisho kabisa akamunyanyua ule dada, akamuweka chini kama sinia.

Ako ndani ya timu!

Faruk alinikumbatia na machozi. Kisha akaona ni mi. Hakuniachilia.

Jumatatu, 18 Mei

Nimepata treningi! Faruk aliniuliza kilo yangu, nikapanda kwa balansi yangu, akaandika vile inasema. Suruali inaanguka. Nimekunja mara mbili na kufunga kamba. Jina ya Konsei inafika chini ya kiuno. Nzuri sana. Asante Konsei.

Na balansi Faruk amenirudishia. Jumamosi Orlane aliniapisha: kagurudumu irudi sufuri. Niliapa. Leo asubui nimerudisha, na kitambaa nimetoa. Muteja wa kwanza, mama wa nyanya: 61. Akaniuliza kama nimemuroga. Wa pili alikataa kulipa. Wa tatu alipita, anasema balansi ya Cirimwami imekuwa mugonjwa.

Saa sita Maman Spéciose akaja. Orlane anaitwa mashindano inje ya inchi, ya kutafuta pointi za Olempiki. Ndege! Pesa inatakiwa mara mbili ya ile. Jumapili tunarudia, Djibril na Hamissi wamekubali, kila mumoja anakula tangu jana. Akanishika bega. Akasema Konsei inanitegemea.

Hakuna mutu aliwahi kunitegemea. Niliitikia na kichwa.

Nimefikiri sana ile kiapo. Orlane alikataza kilo tatu. Habari ya tano hakusema kitu.

Nimezungusha. Tano. Kitambaa kiko juu.

Sasa natoka, mukeke inapoa. Nimemuona Orlane leo: amekonda, maskini.