Yah: Kuondolewa kwa Mama Recho Katika Kitabu Changu cha Sauti

Mtoni Kijichi,
Temeke.

Kwa Ndugu Felicitas,
Mtengenezaji wa Vitabu vya Sauti, Fotokopi na Picha za Pasipoti,
Sinza.

Ndugu Mtengenezaji,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika, na wewe mwenyewe wahusika zaidi.

Mimi ni baba yako mkubwa, na kwa kawaida ningekupigia simu. Lakini simu napokelea sebuleni, na sebule yangu ina masikio. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa ofisi anavyomwandikia mtu wa ofisi mwenzake, na utanisamehe kwa kutoanza na habari za watoto. Hao nitawaulizia mwishoni.

Utakumbuka kwamba jubilei yetu ya ndoa inakaribia, na kwamba aliyenitia maneno ni wewe. Ulisema siku hizi watu hawasomi, wanasikiliza. Nijirekodi kwa simu nikisimulia maisha yangu, nikutumie mafaili, na wewe una programu kwenye kompyuta ya dukani: inaunganisha mafaili, inagawa sura, inaweka jina la mwandishi na picha ya jalada, kinatoka kitabu kizima cha kusikilizwa ukumbini siku ya sherehe. Nikakubali. Kila alasiri nilikaa kwenye kiti changu nikasimulia, na kitabu nikakipa jina la *Nilivyofika Hapa Bila Msaada wa Mtu*.

Mimi nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo mpaka nimestaafu. Nimeandika maneno ya wezi wa kuku na ya watu waliogombania mpaka wa shamba, na sijawahi hata mara moja kuruhusu mtu aliyeko jikoni aingie kwenye mwenendo wa shauri. Sasa naomba uyasikie malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Kitabu kina watu wawili. Mimi nilikuwa sebuleni, mama yako mkubwa, Mama Recho, alikuwa jikoni anakuna nazi, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Sikujua kwamba simu za siku hizi zinasikia mpaka jikoni. Basi katika sura ya kwanza, pale ninapoeleza jinsi nilivyokutana na simba nikienda shule, nikamkazia macho mpaka akaondoka mwenyewe, anasikika mtu akisema, tena bila haraka yoyote: "Simba gani, Baba Recho? Si yule mbwa wa padri? Na aliyemfukuza ni mie, we ulikuwa juu ya mkorosho." Baada ya hapo inasikika mbuzi ya nazi ikiendelea na kazi. Yaani hata hakuona sababu ya kupumzika kidogo baada ya kunivunjia heshima.

2. Kuhusu sura. Ulinieleza kwamba programu inatafuta yenyewe mahali palipo kimya na kuanzisha hapo sura mpya. Napinga utaratibu huo. Mtu mzima akisimulia hunyamaza. Mimi nanyamaza kwa busara, ili msikilizaji apate nafasi ya kutafakari, lakini kompyuta yako ikaona nimemaliza. Sura ya tisa nzima ni mimi nikisema "Basi," halafu nakohoa. Na kwa bahati mbaya ambayo mpaka leo sijaielewa, karibu kila sura inayofuata ukimya wangu inaanza na sauti ya mama yako mkubwa.

3. Pale programu inapouliza jina la msomaji, umeandika Bernadeta na Polikarpo. Nilipokuuliza kwa nini yeye ametangulia, ukanijibu kwamba umefuata alfabeti. Mwanangu, hakuna alfabeti katika ndoa. Na picha ya jalada ndiyo imenimaliza kabisa. Nilikutumia ile ya suti. Wewe ukaweka ya sendofu ya binti yetu Recho, ambapo Bernadeta ameshika maiki na mimi niko pembeni nimeshika pochi yake.

4. Nilikuomba unitumie mimi peke yangu nikikague. Ukakitupa kwenye grupu la ukoo. Kutoka hapo kimefika kwenye jumuiya, kimefika saluni, kimefika kijiwe cha bodaboda. Bwana Lusungu, mwenyekiti wetu wa jumuiya, mtu ninayemheshimu, alikuja nyumbani kunipongeza. Alinishika mkono vizuri sana, kisha akaniuliza ni sura ya ngapi ile Mama Recho anapoeleza habari ya posa yangu, maana mke wake anataka kuirudia. Kumbe watu wameshazizoea sura za programu yako: wanabonyeza mwanzo wa sura, wanamsikiliza yeye, mimi nikianza tu wanarukia sura inayofuata. Na vijana wa bodaboda pale njia panda sasa wananiamkia, "Shikamoo Mzee wa Mkorosho." Shikamoo ni shikamoo, nimeitikia. Lakini imeniuma.

Kutokana na hayo, naomba utekelezaji ufuatao.

Kwanza, umfute, kama nilivyokwisha kukuomba kwa mdomo wiki iliyopita nilipopita dukani kwako. Ulijisifu mwenyewe kwamba programu imeondoa sauti ya feni na jogoo wa jirani. Mashine iliyomshinda jogoo yule, ambaye mtaa mzima umeshindwa naye, haiwezi kushindwa na mwanamke mmoja aliyeko jikoni.

Pili, asifutwe wote. Katika sura ya nne anasikika akibishana na muuza dagaa mlangoni, na mwishoni anasema, "Haya, hapo umesema kweli." Maneno hayo yakatwe yatunzwe. Kisha yabandikwe baada ya habari ya simba, baada ya habari ya kupandishwa kwangu cheo, na mara tatu mfululizo baada ya habari ya posa.

Tatu, uniulizie kwa wataalamu wenzako kama programu hiyo inaweza kufungwa hapa nyumbani ikafanya kazi moja kwa moja, bila kusubiri mtu arekodiwe.

Najua utauliza mwenyewe anasemaje. Hasemi. Tangu wiki iliyopita ulipomwambia kwamba nataka afutwe (ni wewe uliyemwambia, usikatae), alinijibu sentensi moja tu, kwamba hataki kuchafua kitabu cha mtu, akafunga mdomo. Chakula kinaletwa, kinawekwa mezani, kifuniko kinagongwa kwa kijiko. Nikiuliza miwani yangu iko wapi, ananyoosha kidole. Jana nikamtega kwa makusudi: nikasema mezani kwamba mwaka ule tulipocheza na vijana wa seminari, bao la ushindi nilifunga mimi. Ni uongo, na yeye alikuwepo uwanjani. Nikasubiri. Akakusanya sahani akaondoka.

Kwa kifupi, nyumba ina utulivu mkubwa sana. Nakueleza haya kama ushahidi kwamba jambo linawezekana, usije ukadhani nalalamika.

Naomba toleo lililosafishwa linifikie kabla ya jubilei, ili wageni ukumbini wamsikie mwandishi mmoja, msomaji mmoja na simba mmoja.

Nisalimie mumeo Isack na watoto, wamepona mafua? Mwambie mama yako tumepata salamu zake na mihogo yake. Msalimie na Salma wa duka la pembeni, ambaye nasikia naye amekisikiliza kitabu mara mbili. Mwambie namwombea afya, na kwamba sijapendezwa.

Ni mimi, mwandishi pekee wa maisha yangu,

Polikarpo,
Karani wa Mahakama ya Mwanzo (Mstaafu).

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imeingia kwenye bahasha ulipofika ujumbe wako wenye kitabu kilichosafishwa. Nikakiweka kwenye ile spika ya Recho, sauti juu, ili na jikoni wasikie.

Kweli ni safi. Hakuna jogoo, hakuna nazi, hakuna mtu. Simba aliondoka kwa adabu. Kisha nikafika pale tulipohamia mjini, nikajisikia nasema: "Tukaingia Temeke mwaka... mwaka gani vile, Mama Recho?" Halafu kimya. Sikukumbuka kama niliuliza. Mbele kidogo: "Yule hakimu aliyenipandisha cheo, jina lake nani vile, Mama Recho?" Kimya tena, mpaka programu yako ikaanzisha sura. Felicitas, ile busara yangu yote niliyokuandikia kwenye namba mbili ndiyo hiyo. Nilikuwa nanyamaza ili nijibiwe. Kitabu kizima ni mzee anamuuliza mtu, na mtu hayupo. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nikanyoosha mkono nizime, nikakosa kitufe, na ile sauti yangu ikaendelea: "Na siku anazaliwa Recho, mvua ilikuwa inanyesha, siyo, Mama Recho?"

Kimya. Halafu kutoka jikoni, jikoni kwenyewe, siyo kwenye spika:

"Mvua gani? Ilikuwa kiangazi. Ni wewe ulikuwa unalia."

Nimehamishia kiti changu kwenye mlango wa jikoni, na nyongeza hii naiandikia hapo. Mrudishe. Mrudishe wote, na nazi yake, na jogoo pia kama bado unaye. Majina yafuate alfabeti, na ile picha ya pochi ibaki. Kuhusu jina la kitabu, lile la zamani halifai tena. Nimependekeza mengine matatu, amekataa yote. Atakupigia.