Yah: Mwanamke Mmoja Anayetuharibia Kauli Moja

Kikundi cha Tuerewane,
Mwalo wa Igogo,
Mwanza.
10 Agosti, 1993

Kwa Afisa Maendeleo ya Jamii,
Mwanza.

Ndugu Afisa,

(Au Mheshimiwa. Tangu biashara iwe huria hatujaambiwa waziwazi kama udugu bado unaendelea. Tulipoulizana, kila mtu alisubiri mwenzake aseme, basi tukaacha Ndugu.)

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mmoja, naye ndiye aliyetufanya tushike kalamu.

Mimi ni Yeremia Luhende, mwalimu mstaafu wa Kiswahili na katibu wa kikundi hiki cha wavuvi, wakausha dagaa na mafundi mitumbwi. Tuko kumi na wawili. Usishangae jina letu hapo juu. Jina letu hasa ni Tuelewane. Ndugu Shimba, fundi wetu wa mitumbwi, ndiye aliyechora kibao, akakichora kama anavyotamka. Wote tulikiona siku ile ile. Mimi niliyefundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili nilikiona kabla rangi haijakauka. Lakini mwenyekiti alisema kibao kizuri, wengine wakasema kizuri sana, nami nikasema rangi imetulia. Mhuri ukachongwa kwa kufuata kibao, na hati ya usajili ikafuata mhuri. Nakutajia hili ili uone kwamba sisi ni watu tunaoheshimiana.

Sasa shauri lenyewe. Mwezi wa tano alikuja bwana mmoja mwekezaji, mwenye gari jeupe na kofia za kugawa. Anautaka mwalo wetu, yaani kile kipande cha ufukwe ambapo mitumbwi inaegeshwa, samaki wanapimwa na dagaa wanaanikwa, ili ajenge gati la kiwanda chake cha minofu. Badala yake atatupa jengo lake lililo juu kabisa ya kilima, katikati ya majabali, lenye mafriza manne makubwa ya kuhifadhia samaki. Barabara haifiki huko, na nguzo ya mwisho ya umeme imesimama chini kabisa, nyuma ya mashine ya kusaga. Mwekezaji alisema umeme utafuata.

Tulikwenda kukagua. Mwenyekiti wetu, Mzee Zadok Otuoma, alipumzika njiani mara tano. Shimba alibeba sangara mmoja wa kilo ishirini ili kuijaribu njia. Alifika juu hana pumzi, na sangara ameanza kutoa harufu. Hatukuligusia hilo. Mzee Zadok alisema, "Hewa ya huku nzuri," nasi wote tukasema ni nzuri kweli, maana hewa ndicho kitu pekee kilichokuwapo. Tukaelewa kuwa mzee amepapenda.

Kikao kilipoitwa, tulikubali kwa kauli moja, yaani sisi kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ni Bi. Dorotea Adoyo, mjane, mkausha dagaa. Kwa bahati mbaya ibara ya saba ya katiba yetu inasema mwalo hautolewi bila sahihi za wanachama wote. Ibara hiyo niliitunga mimi mwenyewe, kuonyesha jinsi tunavyopendana. Mkataba unasainiwa ofisini kwako Ijumaa tarehe 20, na mama huyu hataki. Malalamiko yetu ni haya:

1. Aliuliza swali. Ajenda zetu zina kipengele cha maswali, lakini huwekwa kwa adabu tu, kama unavyomkaribisha chakula mpita njia. Bi. Dorotea akakikaribia kweli, akanawa mikono. Aliuliza: "Samaki watapanda wenyewe?" Kwenye muhtasari nimeandika: Mjumbe mmoja aligusia suala la usafiri, akapigiwa makofi. Makofi yale yalikuwa ya kumkalisha, lakini hakukaa. Akauliza tena, huo umeme unaofuata umeanza safari lini. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa kila mmoja alimwachia mwenzake heshima ya kujibu.

2. Alikataa bila hata kuomba radhi. Kwetu mtu akitaka kukataa huanza kwa kushukuru, akaeleza habari za mgongo wake, akazunguka weee, na mwishowe akakubali. Yeye alisema, "Mimi hapana," akajifunga khanga vizuri. Mwenyekiti, kwa huruma, alirudia kura mara nne ili ampe nafasi ya kujirekebisha. Kila mara sisi wengine tulinyoosha mikono juu zaidi. Mara ya nne Bi. Sabina, mweka hazina, alinyoosha yote miwili. Ikahesabiwa mikono kumi na miwili, mwenyekiti akatangaza kwamba hoja imepita. Bi. Dorotea akaomba vihesabiwe vichwa. Bi. Sabina aliumia sana.

3. Ana tabia ya kuwa sahihi. Mwaka juzi tuliamua Shimba aunde mtumbwi mkubwa ndani ya ua wake, kwa kuogopa wezi wa mbao. Bi. Dorotea akasema hautapita mlangoni. Tukaunda. Haukupita. Ikabidi tubomoe ukuta wa upande wa bafu, na mke wa Shimba hadi leo anaoga huku anaimba ili watu wajue yumo. Nauliza, Ndugu Afisa, nani alimwomba mama huyu awe sahihi? Kukosea pamoja ni undugu, lakini kuwa sahihi peke yako ni majivuno. Wazee walisema wengi wape. Hawakusema kwanza uwaulize wanakipeleka wapi hicho unachowapa.

4. Anasababisha watu kufikiri. Ndugu Kashindye, mvuvi hodari ambaye hatujapata kuwa na shaka naye, amekutwa mara mbili amesimama majini hadi magotini, anautazama mwalo. Alipoulizwa alisema ameangusha kisu. Juzi tulipokuwa tunamsema Bi. Dorotea, yeye alinyamaza, hata mguno hakutoa. Tumempa onyo la mdomo, na tunamfuatilia.

5. Tumemtenga kwa upendo, na hakujifunza. Hasalimiwi. Akibisha hodi haitikiwi. Dagaa wake hawanunuliwi, isipokuwa na mke wangu, ambaye hupitia uani, na akirudi humsema vibaya kama kawaida. Tulipoanza kukutana bila yeye mambo yalikwenda kasi ya ajabu. Kikao cha kwanza tulipitisha maazimio kumi na moja kabla ya chai. Mojawapo lilikuwa kuhamishia vikao Jumapili saa nne asubuhi. Sisi sote saa hiyo tuko ibadani, na kila mmoja alilijua hilo kwa upande wake, ila alidhani wenzake wamepata ruhusa. Kwa hiyo hatujaweza kukaa kikao kwa wiki tano, na barua hii tumeipitisha tumesimama nje ya kanisa. Lawama ni ya Bi. Dorotea, kwa sababu angekuwapo angetuambia.

6. Ameleta siasa. Serikali imeruhusu vyama vingi. Tulilisikia redioni na tukalikubali kwa kauli moja, kama tulivyokikubali chama kimoja kabla ya hapo. Lakini hatukusikia popote kwamba mtu mmoja, tena mwanamke mwenye mikeka minane ya dagaa, ameruhusiwa kuwa chama. Leo amekataa gati. Kesho mtoto wa darasa la pili atamwambia mwalimu kwamba saba na sita si kumi na nne. Mimi nimekuwa mwalimu, najua mambo hayo yanapoanzia.

Kwa heshima zote, tunaomba umwamuru asaini. Ikishindikana, tunaomba utoe tafsiri rasmi kwamba "wanachama wote" maana yake ni wanachama wote wanaokubali. Na hilo nalo likiwa gumu, basi umhesabu kuwa hayupo, hata kama amesimama mbele ya meza yako.

Utusalimie wafanyakazi wote wa hapo ofisini, mama na watoto, na yule karani wako wa Magu aliyetupigia chapa katiba. Mzee Zadok anakusalimu. Shimba anakusalimu, na Bi. Sabina anakusalimu kwa mikono yote. Bi. Dorotea naye pengine angekusalimu, ila hatukumwuliza.

Wako katika maelewano,

Yeremia Luhende,
Katibu.
(Mhuri wa kikundi, na sahihi kumi na moja)

Nyongeza, nyuma ya karatasi, Jumatano.

Ndugu Afisa, haya naandika baada ya mhuri, na wenzangu hawajui.

Leo asubuhi Bi. Dorotea alikuja nyumbani. Sikumkaribisha ndani; alisimama mlangoni. Akasema amechoka. Akasema mjukuu wake ameugua malaria siku sita na hakuna jirani hata mmoja aliyechungulia kumwuliza ameamkaje, na kwamba mtu hawezi kuishi mtaani miezi miwili kama jiwe. Atasaini Ijumaa. Aliuliza ni saa ngapi ili asitucheleweshe. Nikamwambia saa nne. Akashukuru, akaondoka.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikaketi pale pale kizingitini. Kisha nikakimbia kwa Mzee Zadok kumpa habari njema. Mzee alishika kichwa, akauliza kwa nini mama yule asivumilie kidogo tu. Hakuutaka mkataba huu hata siku moja, Ndugu Afisa. Alikubali kwa kuwa alituona sisi tumekubali. Nikamwambia sisi tulikubali kwa kuwa yeye alisifu ile hewa. Akasema aliisifu kwa sababu alikuwa hana pumzi, na hilo ndilo neno fupi lililotoka.

Nimezunguka kwa wote. Hadi mchana kila mmoja ameniambia faraghani, huku akitazama nyuma, kwamba tangu mwanzo hakutaka, na amenisihi nisiwaambie wenzake. Kashindye alilia. Hakuna kisu alichoangusha. Tukiuacha mwalo hatuna pa kuegesha hata mtumbwi mmoja, na watoto wetu hawatakula hewa. Tulijua. Tulikuwa tunalala usingizi kwa sababu Dorotea anakataa. Alikuwa anatulindia mwalo wetu peke yake, na sisi tukawa tunamnyima salamu. Naona aibu, Ndugu Afisa, na sijapata kuona aibu namna hii.

Nilimshauri Mzee Zadok aitishe kikao ili tuseme. Akauliza nani ataanza. Tukatazamana mpaka chai ikapoa.

Kuiondoa barua hii siwezi, imepitishwa na wote. Kwa hiyo naomba kinyume chake. Ijumaa, mama yule akishika kalamu, mzuie. Sema sheria hairuhusu, sema fomu ina kasoro, sema chochote, ila usiseme tumekuomba. Usiponena neno, ujue nasi hatutanena, na saa tano mwalo utakuwa umekwenda.

Mimi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Ukimzuia, nitasimama na kulalamika kwa sauti kuliko wote. Tafadhali usinisikilize.

Y.L.