Leo Tu, Kesho Hatupo

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka semina ya matangazo. Mimi si yule wa jana! Mkufunzi alisema mteja hanunui kitu, ananunua hisia. Ukumbi mzima ulitikisa vichwa kukubali. Mimi nilisimama kabisa nikapiga makofi.

Mke wangu anasema wateja wetu hawaleti hisia, wanaleta mashuka. Ndivyo alivyo. Duka hili la udobi ni letu sote wawili. Yeye anafua na kupiga pasi, mimi natafuta wateja kwa kipaza sauti changu. Shida ni kwamba wateja wanajitafutia wenyewe njia ya kwenda ng'ambo ya barabara, kwa Bi Kimya. Yule mama haongei! Hana kipaza sauti, hana jina la duka. Ubao wake umeandikwa DOBI, basi. Na watu wamejaa utadhani anagawa bure.

Nilimweleza mke wangu mbinu zote za mkufunzi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, mikono imejaa povu, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kuwa methali hiyo ilitungwa na mtu asiye na duka. Akasema sawa, ananipa wiki hii moja. Ikiisha sijaweka kipaza sauti chini na kushika pasi, atatafuta kwingine kwa kufulia. Hasira tu hizo. Zitapoa.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza, uhaba. Mtu akisikia kitu kinakwisha, anakitaka. Nikaandika bango kwa rangi nyekundu: LEO TU! KESHO HATUPO!

Kabla jua halijawa kali duka lilikuwa limefurika. Nikamkonyeza mke wangu. Kumbe wamekuja kuchukua nguo zao! Wote! Mwalimu mkuu aliondoka na suruali zinazochuruzika maji, akisema hawezi kuacha mali yake kwa mtu anayehama. Mama wa duka la dawa alinipa pole, akauliza tumefilisika au tumefukuzwa. Nikamweleza taratibu kwamba hatuendi popote, ni mbinu tu. Akasema kwa hiyo nimeandika uongo. Watu wengine huwezi kuzungumza nao biashara.

Kamba zimebaki tupu, isipokuwa koti moja la daktari wa zahanati, ambaye hasomi mabango. Mke wangu amepindua beseni akalikalia, ananitazama. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Watu hufuata watu. Hii haihitaji hata semina. Nikawaendea wacheza drafti wa pale kona, wanaume wazima wanaoshinda wakisukuma vizibo vya soda, nikawaahidi chai. Nikawapanga foleni mlangoni, kila mmoja na mfuko uliojaa magazeti ya zamani.

Foleni ilipendeza. Ilifika mpaka kwa fundi viatu. Akaja mteja wa kweli na mashuka yake, akaitazama foleni, akatazama saa, akavuka barabara. Wa pili naye vivyo hivyo. Nikawanong'oneza jamaa zangu wapungue kidogo. Wakagoma! Kila mmoja alisema akitoka atapoteza nafasi yake. Nafasi ya nini, jamani? Wakaanza kubishana nani alitangulia, mmoja akamkunja mwenzake shati. Chai waliimaliza yote, halafu wakalalamika kuwa sukari haikutosha.

Mke wangu ameanza kula chakula cha mchana ng'ambo, kwa Bi Kimya. Anasema kule mtu anatafuna kwa amani.

Alhamisi, 6 Machi

Mkufunzi alisema watu huamini wataalamu, na mtaalamu hutambulika kwa koti jeupe. Na mimi koti jeupe ninalo! Lile la daktari. Nikalivaa, nikachomeka kalamu mfukoni, nikasimama chini ya bango jipya: DAKTARI WA NGUO.

Akaja mama mmoja mbio, amembeba mtoto mwenye homa. Alikuwa amesoma neno la kwanza tu. Nikamwambia mimi ni wa nguo. Akasema hata nguo za mtoto zimetapikiwa, nianzie nitakapo. Watu wakaanza kukusanyika, na hapo ndipo kijasho kilipoanza kunitoka. Mke wangu akamchukua mama na mtoto wake mpaka zahanati. Akarudi na daktari mwenyewe.

Daktari alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Akauliza kwa upole kama nina wagonjwa wengi. Kisha akanivua koti lake, kifungo kimoja kimoja, mtaa mzima ukitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto anaendelea vizuri, nashukuru, ingawa hakuna anayekumbuka kwamba ni bango langu lililomsimamisha mama yake mahali pazuri.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hamu ya kuandika, lakini nitaandika.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana suti moja, rangi ya maziwa. Kesho anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Jamaa amekaa bila mke mpaka mvi zimeanza kumchungulia, kwa hiyo familia nzima imeshika roho mkononi. Aliileta suti asubuhi. Ilikuwa ya kupigwa pasi tu.

Mke wangu alikwenda kununua sabuni. Nikabaki na suti, kipaza sauti na mbinu iliyobaki: kabla na baada. Unamwonyesha mteja uchafu, kisha unamwonyesha maajabu. Nikaita watu. Nikachukua kikombe cha oili chafu kutoka gereji ya jirani, nikakimwaga chote kifuani mwa koti. Watu wakaguna! Kitu kama hicho hakijawahi kutokea mbele ya duka langu. Nilijisikia mfalme.

Nikaloweka, nikasugua. Nikasugua tena. Doa lilianza likiwa kama kisahani, likawa sahani, likawa sinia. Watu wakaanza kunipa ushauri. Mcheza drafti mmoja alisema yeye binafsi ameipenda zaidi ile ya kabla. Na hapo shemeji akatokea.

Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini, akashika kichwa, akauliza kesho atavaa nini. Nilijisikia vibaya. Nasema kweli, nilijisikia vibaya sana, maana hajawahi kunikosea hata siku moja. Mke wangu akarudi na sabuni yake. Akamwona kaka yake, akaiona suti, akakiona kikombe. Akaibana suti kwapani, akavuka barabara.

Jumamosi, 8 Machi

Doa limetoka. Poda, sabuni ya vyombo, maji ya moto, na mikono ya wanawake wawili. Shemeji amekwenda ukweni aking'ara. Mchana alipiga simu: wamemkubali! Mkwe wake mtarajiwa ameuliza hata suti ile inafuliwa wapi. Nikamwambia haraka, mtajie duka letu. Akakata simu.

Lakini mke wangu alikuwa ameshaniambia, wakati wa chai ya asubuhi. Bi Kimya anahitaji mtu wa kusaidiana naye. Alimwambia maneno mawili tu, "Njoo kesho," na kesho yenyewe ni leo. Nikauliza, na mimi? Akasema nyumbani ni palepale, kitanda ni kilekile, ila dukani nimebaki na kipaza sauti changu. Akasema hana hasira, amechoka. Akabeba pasi yake akaenda.

Nimeshinda peke yangu. Duka bila mvuke lina baridi. Nimekosa hata kununa kwake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejaribu kupiga pasi shati langu mwenyewe. Sasa lina dirisha mgongoni. Likabaki la pili, nikavuka nalo barabara, nikazunguka mlango wa nyuma. Mke wangu akaniambia, kwa heshima zote, baba watoto panga foleni kama wenzako.

Nikapanga. Nyuma yangu alisimama mama mgeni hapa mtaani, na mapazia yake, akitaka kuondoka kwa sababu ya msururu. Akaniuliza kama kweli hapa wanafua vizuri. Nikamwambia yule wa pasi ni mke wangu. Tangu tuoane sijavaa kola yenye mkunjo. Ijumaa niliharibu suti ya kaka yake, na akaiokoa, na bado jioni akanipakulia chakula. Nilikuwa napiga soga tu, kupoteza wakati. Yule mama akabaki, tena akapiga simu kumwita jirani yake alete mashuka. Sikumjali sana, maana kichwani nilikuwa na jambo zito.

Wazo! Lilinishukia palepale kwenye foleni. Nilirudi dukani mbio, nikaandika bango kubwa kuliko yote: DOBI ANAYEONGOZA MTAANI AMEMCHAGUA MKE WA DUKA HILI! Ushuhuda wa mshindani! Hata mkufunzi hakufika huko.

Alasiri akasimama mteja mmoja. Akasoma lote, mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza. Akauliza huyo mke yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanishukuru sana, akavuka barabara.

Nimelitafakari jambo hili mpaka mke wangu akarudi, na kosa nimeligundua. Herufi zilikuwa ndogo.