Mwenyekiti wa Giza la Maruku

Jumamosi, 8 Novemba

Senene wameanza kushuka, na Kahigi ameshaleta bakuli lake. Mwaka wa tatu huu! Anasimama mlangoni, kofia kifuani, anasema waitu jirani, kwa heshima ya Kihaya, nimeona nisile peke yangu. Hamaanishi hivyo. Anamaanisha kwamba mimi, Nathanieli Ndyamukama, mwenye kidato cha sita, siwezi kukamata hata mdudu.

Mke wangu Judica alimshukuru kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili. Mimi nilishukuru kwa kichwa tu. Senene walikuwa watamu. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimeapa. Msimu huu bakuli litatoka kwangu kwenda kwake. Bakuli gani! Beseni!

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada Mwalimu Gaudiosa aliomba dakika tano. Anafundisha sayansi shule ya msingi, mwanamke mfupi, sauti ya kengele. Alisema kwenye mtihani aliuliza nyota ziko ngapi. Mtoto wa darasa la tano akaandika kumi na nne. Akamwita amsahihishe. Mtoto akajibu: Mwalimu, nilitoka nje nikazihesabu.

Kanisa lote lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema tangu umeme ufike kila nyumba tunawasha taa mpaka asubuhi, nusu ya mwanga inapanda juu bure, na mbingu walizoziona babu zetu sisi hatuzioni. Anaanzisha kikundi cha kujifunza pamoja namna ya kulinda giza la usiku. Walutheri, Waislamu, wenye shule na wasio na shule, wote karibu. Na Alhamisi ya tarehe 20, mwezi hautakuwepo. Siku hiyo anaomba kijiji kizima kizime taa saa mbili usiku, tukutane uwanja wa shule tutazame.

Kijiji kizima kizime taa!

Nilishika benchi kwa mikono miwili. Senene wanafuata mwanga. Taa zikiwa mia, wanagawanyika. Taa ikiwa moja tu, na hiyo moja ikiwa yangu...

Nimekuwa wa kwanza kujiandikisha. Mwalimu aliguswa mpaka akanishika mkono. Judica alinitazama muda mrefu.

Jumamosi, 15 Novemba

Somo la kwanza la kikundi, baada ya giza kuingia. Alikuja Haidari, fundi umeme kutoka Bukoba mjini, na darubini aliyoifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Nyota alifundishwa na babu yake, ambaye kila mwezi alikuwa akisimama ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo. Anasema siku hizi mjini taa za barabarani zimemfunikia nyota.

Alitufundisha kukata kopo tupu la mafuta ya kupikia na kulivika taa, ili mwanga uangukie mlango badala ya mawingu. Kazi ya dakika kumi. Kahigi, kwa kuwa lazima Kahigi aulize, aliuliza habari za wezi. Bila taa kali tutawaonaje? Haidari akaomba tochi kubwa, akatumulika nayo usoni, akamwambia Kahigi apite nyuma ya tochi. Akatuuliza Kahigi yuko wapi. Hakuna aliyemwona! Mwanga mkali unampofusha mwenye nyumba na kumficha mwizi. Lilikuwa somo zuri sana. Kahigi hakuonekana kwa dakika moja nzima.

Kisha wazee nao wakafundisha. Mama mkwe wangu, Anatolia, alieleza walivyokuwa wakivizia Kilimia, kile kishada cha nyota, kutokea upande wa ziwa ili wajue msimu. Haidari alikuwa anaandika kwenye daftari. Fundi anaandika, bibi anasema!

Mwisho uchaguzi. Mimi au Kahigi. Nilihutubia dakika ishirini. Nilisema giza ni urithi. Nilisema asiyelipenda giza hakulelewa Maruku. Mtu nyuma aliniita nshomile, yaani msomi wa kujivuna, lakini kwa heshima. Kura arobaini na moja kwangu, kumi na mbili kwa Kahigi.

Mwenyekiti! Nimeandika cheo hiki mara nne kwenye ukurasa wa mwisho wa shajara hii, kuona kinavyokaa.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimepita nyumba kwa nyumba na makopo. Nyumba ishirini na sita kwa siku moja. Nimepanda ngazi mwenyewe. Nimeanguka mara moja tu, na nilianguka kwa hadhi.

Jioni umeme ulikatika kata nzima. Watu walitoka nje wakilalamika. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, ni zoezi la kikundi. Walivutiwa mno. Uliporudi, wakanishukuru.

Baadaye kidogo shemeji yangu Lameki, kaka yake Judica, alinifikishia mzigo chini ya mikungu ya ndizi: taa ya uwanja wa mpira, kubwa kama sufuria la harusi. Mapipa mawili na mabati sita tumeshayaficha nyuma ya kibanja, shamba langu la migomba. Senene akiufuata mwanga anagonga bati, anateleza, anaingia pipani. Sayansi tupu.

Jumatano, 19 Novemba

Judica ameyaona mapipa. Nikasema ni ya maji ya mvua. Akauliza, na mabati? Nikasema mabati ndiyo yanayoyaelekeza maji. Akauliza, na taa ile? Nikatazama mawingu. Akasema labda ni ya kuimulikia mvua njia, akarudi jikoni.

Tatizo dogo limejitokeza. Mwenyekiti lazima awe uwanjani, anahutubia. Hawezi kuwa mtegoni. Nimempa Lameki maagizo ya wazi kabisa: watu wakimaliza watapiga makofi. Ukisikia makofi, ujue wanarudi nyumbani kulala. Subiri kidogo, washa. Kesho yake nitasema ni senene wa bahati.

Lameki alirudia maagizo yote bila kosa, ila lile neno "subiri".

Alhamisi, 20 Novemba. Naandika nikiwa nimerudi, jicho moja limevimba.

Mchana mvua. Nilikata tamaa. Saa kumi na mbili upepo wa ziwani ukafagia mawingu yote.

Saa mbili kamili taa zilianza kuzimika. Upande wa msikitini, upande wa kanisani, duka, kisha lango la Kahigi, la mwisho, kwa kunikomoa. Halafu hakuna kitu. Watu kama mia mbili uwanjani, vichwa vyote juu. Sikujua nyota ni nyingi hivyo. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilisahau hotuba.

Haidari alielekeza darubini juu, karibu na utosi, kwenye sayari ya Zohali. Pete yake msimu huu imelala ubavu, inaonekana kama kijiti cha meno kimechomwa kwenye punje ya mtama. Nilitazama mara tatu. Mara ya tatu niliruka foleni, kwa mamlaka yangu.

Kisha Kilimia zikawa juu ya migomba, upande wa ziwa. Mama mkwe Anatolia aliomba kiti. Akatazama. Akasema, tena kwa Kiswahili ili Haidari aelewe:

"Nilidhani zilikufa. Nilidhani nimezeeka nazo zimezeeka, zimekufa. Kumbe ni sisi tulizifunika."

Mwalimu Gaudiosa alikuwa analia. Judica alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Na mimi, mwenyekiti wa hayo yote! Nilivimba kifua mpaka kifungo kikakatika.

Watu wakapiga makofi.

Makofi!

Nilijaribu kuwanyamazisha. Nilipunga mikono. Wakadhani nawaongoza, wakaongeza.

Nyuma ya kibanja changu usiku ukapasuka. Mwanga mweupe hadi juu angani. Migomba ikawa na vivuli. Mwalimu akafunika macho, watoto wakapiga kelele, na Kilimia zikapotea, kama mtu amezifuta kwa kitambaa. Kahigi alisema polepole, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, kwamba mwanga huo unatoka kwa mwenyekiti.

Mkono wa Judica ukaniacha.

Nikapanda juu ya kiti cha mama mkwe, nikasema, "Ndugu zangu, hicho ni kielelezo!"

Mwalimu Gaudiosa alinitazama. Anajua. Nina hakika anajua. Lakini ni mwalimu, akiona somo halipotezi. Akawageukia watu, akasema hebu tazameni, hiyo ni taa moja tu. Moja! Mmeona ilichokula? Akawataka wanyooshe vidole pale Kilimia zilipokuwa. Hakuna aliyeziona. Mtu mmoja aliapa kwenda kuongeza kopo la pili kwenye taa yake usiku huohuo. Haidari alisema hajawahi kuona somo likieleweka haraka hivyo.

Makofi tena. Lameki, kusikia makofi ya pili, alidhani anapongezwa. Hakuizima.

Nilikimbia mwenyewe kuizima. Hewa pale ilikuwa wadudu watupu. Mende wa mvua, vipepeo wa usiku, na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeunguza ngozi. Huyo alinipata jichoni.

Ijumaa, 21 Novemba

Tumefungua mapipa alfajiri. Mende, nusu pipa. Senene saba. Lameki alihesabu mara mbili kunifariji.

Senene wenyewe walikuwa wapi? Kwa kuwa nilishaizima yangu, na hapakuwa na taa za kuwavuta majumbani wala barabarani, walitua kwenye nyasi za uwanja wa shule. Akina mama na wazee waliwaokota kwa mkono kwenye umande, kama zamani, wakiimba. Kijiji kizima kina senene. Kila nyumba inakaanga. Harufu ilinifuata hadi chumbani.

Saa tatu asubuhi Kahigi alifika. Kofia kifuani. Si bakuli, ni beseni. Alisema waitu mwenyekiti, bila giza lako tusingepata hawa. Nilitafuta kejeli usoni mwake. Sikuiona, lakini jicho langu moja lilikuwa limefumba.

Nikapokea. Nikasema karibu tena. Judica alicheka jikoni mpaka akakaa chini.

Jumapili, 23 Novemba

Habari kubwa! Mwalimu Gaudiosa alisoma barua kanisani. Watu wa kijiji kimoja wilayani Muleba wamesikia. Wanataka kuja wiki ijayo, watu kumi na wanane, tujifunze nao namna ya kuvika taa makopo na kutafuta nyota. Katika nyumba zetu sitini na nne, sitini na moja zimeshavika. Nilisimama watu wanione. Nikakaa. Nikasimama tena, upande wa pili walikuwa hawajaniona.

Nimekuwa nikiwaza mchana kutwa. Wageni watafika jioni, giza limeingia. Watajuaje wamefika Maruku, mahali giza linapolindwa? Watajuaje mwenyekiti ni nani?

Kibao! Nimeshakichora. Mita tatu kwa mbili, pale barabara inapochepuka, kwa Kiswahili na Kihaya: KARIBUNI, NYEGERA WAITU, HAPA TUNALINDA GIZA. Chini yake jina langu, herufi kubwa kuliko hizo nyingine.

Lameki aliuliza watakisomaje usiku. Swali la maana, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tumekubaliana balbu arobaini kuzunguka pembeni, na kumi za rangi kwenye jina.

Zitakuwa zinawaka na kuzima.